Alipiga kura Lang'ata mara tano bila kuhama Kibera

Swali: Mwalimu, natumai u mzima. Nilizaliwa Makina, Kibera, na hapo ndipo ninapoishi hadi leo. Nilipojiandikisha kupiga kura mwaka 2022 niliambiwa eneo bunge langu ni Kibra. Baba bado ana kadi yake ya zamani ya kura, imeandikwa Lang'ata, na anaapa kwamba alimchagua mbunge wa Lang'ata mara tano akiishi nyumba hii hii. Mjomba anampinga. Anasema kati ya 1992 na 2007 kulikuwa na uchaguzi mkuu mara nne tu, kwa hivyo huo wa tano baba ameuota. Tena baba anasema kwamba mwaka 2007 kura ya mbunge wa Lang'ata ilikuwa na uzito sawa na kura ya rais. Mjomba anasema hizo ni porojo. Nani asikizwe? Na Lang'ata ilitutoka lini?

Jibu: Kijana wangu, kwa mambo yote mawili babako ndiye wa kusikizwa. Mjomba hajakosea hesabu ya chaguzi kuu. Zilikuwa nne kweli: Desemba 29, 1992, Desemba 29, 1997, Desemba 27, 2002, na Desemba 27, 2007. Alichosahau ni kwamba watu wa Lang'ata waliitwa debeni mara nyingine, Jumanne ya Machi 11, 1997, katika uchaguzi mdogo uliowahusu wao wenyewe. Kwa hivyo mwaka huo mmoja babako alipanga foleni mara mbili: Machi kumchagua mbunge, kisha Desemba kuchagua rais, mbunge na diwani. Hiyo ndiyo kura yake ya tano, na kwa maoni yangu ndiyo yenye kisa kizito kuliko zote alizopiga kabla ya 2007.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, Raila Odinga aliingia Bunge kwa mara ya kwanza kama mbunge wa Lang'ata kwa tiketi ya Ford-Kenya, chama kilichoongozwa na babake, Jaramogi Oginga Odinga. Jaramogi alifariki Januari 20, 1994. Kiti cha mwenyekiti kikachukuliwa na Michael Kijana Wamalwa, na kuanzia hapo kukawa na mvutano mkali wa uongozi ndani ya chama. Raila alishindwa kumng'oa Wamalwa. Mwisho wa 1996 alikihama Ford-Kenya na kuingia National Development Party, chama kilichokuwa kidogo sana wakati huo, chenye nembo ya trekta. Ukisikia wazee wa Kibera wakimwita Raila "Tinga", jina hilo lilitoka kwenye trekta hiyo.

Katiba ya wakati huo, kifungu cha 40, ilisema mbunge akikihama chama kilichompeleka bungeni, kiti chake kinakuwa wazi. Kifungu hicho kilitungwa mwaka 1966. Jaramogi alikuwa amejiuzulu umakamu wa rais na kuunda chama cha KPU, na wabunge kadhaa wakakihama chama tawala, KANU, wakamfuata. Serikali ya Kenyatta ikapitisha sheria kwa haraka ili kila aliyehama arudi kwa wapiga kura. Chaguzi ndogo za Juni 1966 zilikuwa nyingi kiasi cha watu kuziita Uchaguzi Mkuu Mdogo. Miaka thelathini baadaye, chandarua kilichotegewa baba kilimkuta mwana. Tofauti ni kwamba mwana alikiingia kwa hiari: alikiacha kiti, akarudi Kibera na Lang'ata akiwa na chama ambacho wengi hawakukijua, akaomba upya. Wakampa. Wabunge wa miaka hiyo waliozoea kula na chama kingine huku wakiketi kwa tiketi ya chama cha awali walikuwa wengi, na mimi humheshimu yeyote aliyechagua kurudi debeni. Basi mwambie mjomba kwamba huo wa tano haukuwa ndoto.

Nije kwenye la pili, la uzito wa kura ya mbunge, kwa sababu hapa vijana wengi wa umri wako hupotea. Ninyi mmekulia chini ya Katiba ya 2010, ambamo anayetaka urais huwania urais peke yake. Katiba ya zamani haikuwa hivyo. Kifungu cha 5 kiliweka masharti matatu kwa pamoja. Mgombea urais alipaswa kuwashinda wengine wote kwa idadi ya kura. Alipaswa kupata angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane, sharti lililoongezwa 1992. Na alipaswa awe amechaguliwa kuwa mbunge wa eneo bunge lake. Sharti hilo la mwisho halikuwa pambo. Mtu angeweza kupata kura milioni tano nchi nzima, lakini akishindwa na jirani yake kijijini kwa kura moja, urais ungempita.

Kwa Daniel arap Moi sharti hili halikuwa na machungu. Kiti chake kilikuwa Baringo ya Kati, nyumbani kwake, na nani huko angempinga? Mwai Kibaki alikuwa na Othaya, nyumbani kwao Nyeri, tangu 1974. Kabla ya hapo alikuwa mbunge wa Nairobi, lakini aliuhama mji akaenda kwa wazee wake, na sidhani ni bahati tu kwamba kuanzia hapo hakuwahi kupoteza kiti. Raila angeweza kufanya vivyo hivyo. Bondo ilikuwapo, na baada ya kifo cha Jaramogi kaka yake Oburu ndiye aliyeirithi. Yeye akabaki Nairobi, katika eneo bunge lisilo la ukoo wala la kabila moja, lenye wapangaji wanaohama kodi ikipanda na matajiri wa Karen ambao hawakuwa na sababu ya kumpenda. Kila uchaguzi alikuwa akiweka mezani kitu ambacho wenzake waliokuwa na viti vya nyumbani hawakukiweka.

Mwaka 2007 wapinzani wake waliona mlango huo. Kura ya urais ilikuwa imekaribiana, Kibaki upande wa chama cha PNU na Raila upande wa chama cha ODM. Kumshinda Raila nchi nzima kulihitaji mamilioni ya kura. Kumshinda Lang'ata kulihitaji makumi ya maelfu tu, na matokeo yake kisheria yangekuwa yale yale. Kambi ya serikali ilimsimamisha mfanyabiashara Stanley Livondo kwa tiketi ya PNU, na kampeni yake ilikuwa na nguvu isiyo ya kawaida kwa mgombea mpya. Watu wa Kibera hawakuhitaji wakili wa kuwaeleza kwa nini. Ndiyo maana babako anakuambia karatasi ya mbunge siku ile ilikuwa na uzito wa karatasi ya rais. Yeye alikuwa na karatasi mbili mkononi zilizofungana kama pingu: ile ya urais ingekuwa bure bila ile ya ubunge.

Halafu asubuhi ya Desemba 27, Raila alipofika Shule ya Msingi ya Old Kibera kupiga kura, jina lake halikuonekana kwenye sajili. Hebu fikiria hofu iliyopita kwenye foleni zile. Baadaye jina lilipatikana na akapiga kura, lakini tayari siku hiyo ilikuwa imeanza na shaka. Muulize babako alisimama saa ngapi kwenye foleni. Watu waliokuwa Kibera siku ile hawaisahau.

Raila alishinda Lang'ata. Sharti la ubunge akalitimiza. Yaliyofuata Desemba 30, Kibaki alipotangazwa mshindi na kuapishwa jioni ile ile, unayajua kwa kusimuliwa, na mtaa wenu uliyalipa kwa damu, kwa nyumba zilizochomwa na kwa reli iliyong'olewa mataruma. Sitaki kuyapita kana kwamba ni aya tu ya historia. Majirani walioazimana chumvi waligeukiana, na wengine hawakurudi tena kwenye vyumba vyao. Ukifanya utafiti wa uchaguzi wa Lang'ata ukaishia kwenye hesabu za kura, umeacha nusu ya habari nje.

Na bado kazi ya kiti kile haikuwa imekwisha. Mwafaka wa Kitaifa uliotiwa saini Februari 28, 2008, chini ya usuluhishi wa Kofi Annan, ulianzisha wadhifa wa waziri mkuu. Sheria ya mwafaka huo ilitaka waziri mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa, tena kiongozi wa chama chenye wabunge wengi zaidi. Soma hilo tena taratibu. Kama Lang'ata ingemkataa Raila ile Desemba, asingeweza kuwa rais, na asingeweza kuwa waziri mkuu pia. Alipoapishwa Aprili 17, 2008, alikuwa amesimama juu ya kiti cha Lang'ata. Mjomba akiita hayo porojo, mwonyeshe sheria hizo mbili.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana swali lako la tatu, la lini Lang'ata iliwatoka, haliwezi kujibiwa vizuri bila kujua Lang'ata ilikuwa ya nani kabla ya babako kupata kadi.

Watu husema Lang'ata kana kwamba ilizaliwa 1992. Kabla ya uchaguzi wa 1974 mbunge alikuwa Yunis Ali, Mnubi. Wewe wa Makina unajua uzito wa hilo. Wanubi ni wazao wa askari Wasudani wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles, waliowekwa kwenye msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi ekari 4,197 kuwa eneo la jeshi. Wao ndio walioupa mtaa jina, maana Kibra kwa lugha yao ni msitu. Wakakaa hapo vizazi vitatu, vinne, bila hati ya ardhi. Kuwa na mbunge kutoka jamii hiyo kulikuwa jambo kubwa, na halijarudiwa.

Mwaka 1974 kiti kilikwenda kwa Mwangi Mathai, aliyekuwa amejaribu 1969 akashindwa. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kuna kisa cha kampeni hiyo ninachokipenda kuliko vyote vya eneo bunge hili. Mwangi aliwaahidi wapiga kura maskini wa Lang'ata kazi. Mkewe, Wangari Maathai, mwanasayansi aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa bega kwa bega naye kwenye kampeni, na ahadi ile ilimkaa moyoni. Baada ya ushindi, mume aliona ni maneno ya kampeni yaliyokwisha na kampeni. Wangari hakukubali. Akaanzisha kampuni ndogo aliyoiita Envirocare: wasio na kazi wa eneo bunge wangeotesha miche na kutunza bustani za matajiri wa Karen na Lang'ata, na walipwe. Kampuni haikufika mbali. Miche ilikauka, na fedha hazikutosha. Lakini wazo lilibaki, akalipeleka kwa Baraza la Kitaifa la Wanawake la Kenya, na Juni 5, 1977 wakapanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Hapo ndipo Green Belt Movement ilipochipuka, ile iliyompa Wangari Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Watu wengi husimulia habari ya Wangari wakaanza na miti. Mimi huanza na ahadi ya kura iliyotolewa kwa watu wa Kibera, na mwanamke mmoja aliyeona aibu ikivunjwa.

Kuanzia 1979 mbunge ni Philip Leakey, Mkenya mweupe, mwana wa Louis na Mary Leakey wa uchimbaji wa mabaki ya kale, mdogo wake Richard. Ulikuwa wakati wa chama kimoja, na ushindani ulikuwa ndani ya KANU peke yake. Mwaka 1988 nchi nzima ilipitia mlolongo: katika uteuzi wa chama, wapiga kura walijipanga nyuma ya wagombea au mawakala wao na kuhesabiwa hadharani, na aliyefikisha asilimia 70 alipita bila kupingwa. Nikiwafundisha vijana habari hii huwaambia wasimame darasani wajipange nyuma ya wenzao wawili, mkubwa wa darasa akiwa anawatazama. Wanaelewa papo hapo kwa nini kura ya siri ni kitu cha kupigania. Basi mwaka 1992 Leakey na KANU wakakipoteza kiti kile, na ndipo babako anapoingia kwenye historia hii na kadi yake.

Kitu kilichokuwa kimebadilika ni mtaa wenyewe. Kibera ya babako haikuwa tena kijiji cha Wanubi wenye nyumba na mashamba. Ilikuwa imejaa wapangaji kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na Kati, na wapangaji ndio waliokuwa na kura nyingi. Uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji ukawa siasa. Mwishoni mwa 2001 Rais Moi, akiwa amemkaribisha Raila serikalini kama Waziri wa Kawi, alifika Kibera na kuagiza kodi zipunguzwe. Wapangaji wakalichukua neno hilo kama sheria, wenye nyumba wakakataa, na kukawa na mapigano yaliyoua watu na kuwafukuza wengine makwao. Familia za Kinubi zinalikumbuka jambo hilo kwa uchungu, na wapangaji wana uchungu wao. Ukiwauliza wazee wa pande zote mbili mtaani kwenu, wasikize wote hadi mwisho kabla hujaandika chochote.

Haya, lini Lang'ata iliwatoka? Kisheria, mwaka 2012. Sababu yake ni hesabu.

Sensa ya 2009 iliwapata watu 355,188 katika eneo bunge la Lang'ata. Mwaka huo huo eneo bunge la Lamu Mashariki lilikuwa na watu 18,841. Kila moja lilikuwa na mbunge mmoja. Kwa hivyo sauti ya mtu mmoja wa Lamu Mashariki bungeni ilikuwa na uzito wa karibu watu 19 wa Lang'ata. Nairobi nzima, watu 3,138,369, ilikuwa na wabunge wanane kati ya 210. Nawaelewa watu wa visiwa na wa maeneo makavu wanaosema ukubwa wa ardhi nao uhesabiwe, maana mbunge wa kule husafiri siku nzima kumfikia mpiga kura mmoja. Hata hivyo tofauti ya mara 19 ilikuwa imepita kiasi, na mitaa ya mabanda ya Nairobi ndiyo iliyobanwa zaidi.

Hapo hapo nikuondolee tetesi moja. Utasikia watu wakisema Kibera ina watu milioni moja. Sensa hiyo ya 2009 iliwahesabu watu 170,070 katika vijiji vya Kibera. Kuna waliobisha, na ni haki yao, lakini ukitaka kuzungumza mipaka ya eneo bunge ni hesabu ya sensa inayotumika.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 iliongeza maeneo bunge hadi 290. Ukigawa watu 38,610,097 wa sensa kwa 290 unapata 133,138, na hicho ndicho kipimo. Kifungu cha 89 kinaruhusu miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache kuzidi au kupungua kipimo hicho kwa asilimia 40, na kwingineko kwa asilimia 30. Lang'ata ilikuwa na zaidi ya mara mbili na nusu ya kipimo. Isingewezekana ibaki moja. Tume iliyoongozwa na Andrew Ligale ilianza kazi ya kuchora mipaka, ikazua kelele nyingi, na tume ya uchaguzi, IEBC, ikaimaliza Machi 2012. Nairobi ikatoka na maeneo bunge 17.

Mstari ulipita hivi. Upande mmoja ukabaki na jina la Lang'ata: wadi za Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise. Upande wa pili ukapewa jina Kibra, lile la Kinubi: wadi za Laini Saba, Lindi, Makina, Woodley/Kenyatta Golf Course na Sarang'ombe. Nyumba yenu haikusogea hata hatua moja. Ila kuanzia uchaguzi wa Machi 4, 2013, kura ya babako ikawa ya Kibra.

Mjomba nimempinga mara mbili, na naona ni haki nimpe lake hapa. Nadhani nyuma ya ubishi wake kuna hoja ya kweli: kwamba Lang'ata bila Kibera si Lang'ata ile. Hilo ni sahihi kabisa, na matokeo yameonyesha. Mwaka 2013 kiti cha Lang'ata mpya kilibaki ODM, kwa Joash Olum. Mwaka 2017 Nixon Korir wa Jubilee akakichukua, jambo ambalo miaka kumi kabla yake hakuna mtu angeliamini. Mwaka 2022 Phelix Odiwuor, yule mtangazaji anayejulikana kama Jalang'o, alikirudisha ODM kwa tofauti ya kura kama elfu moja hivi dhidi ya Korir, aliyekuwa sasa na tiketi ya UDA. Jalang'o naye hakukaa vizuri na chama. Mwanzoni mwa 2023 alikwenda Ikulu kumwona Rais Ruto, na Septemba mwaka huo ODM ikatangaza kumfukuza pamoja na wenzake kadhaa. Uamuzi huo ukapingwa mbele ya mahakama ya migogoro ya vyama na haukusimama. Kiti kilichokuwa ngome kikawa kiti cha kugombaniwa, ambapo mgombea hawezi kulala usingizi. Kwa mpiga kura wa South C au Nyayo Highrise sioni kwamba ni hasara. Mbunge anayejua anaweza kuondolewa kwa kura elfu moja hurudi mtaani mara nyingi.

Kwenu Kibra mambo yalikwenda njia nyingine. Ken Okoth, mtoto wa Kibera, alishinda 2013 na 2017. Alifanya elimu kuwa kazi yake, akajenga shule na kulipia watoto karo kwa fedha za hazina ya maendeleo ya eneo bunge, na nadhani wewe mwenyewe una rafiki aliyenufaika. Alifariki Julai 26, 2019 kwa saratani. Uchaguzi mdogo wa Novemba 7, 2019 ulikuwa mkali: ODM ilimsimamisha nduguye, Imran Okoth, Jubilee ikamleta mwanasoka McDonald Mariga, akiungwa mkono na William Ruto, naibu wa rais wakati huo, ANC ikawa na Eliud Owalo. Imran alipata kura 24,636, Mariga 11,230, Owalo 5,275. Watu wa ODM walikuwa wakiita Kibra chumba cha kulala cha Raila, na hesabu hiyo iliwapa sababu ya kujivuna. Mimi naisoma pia kwa jicho lingine: wawili waliompinga Imran walikusanya kura zaidi ya elfu kumi na sita mahali ambapo zamani hata kubandika picha ya mpinzani ukutani kulikuwa hatari. Mwaka 2022 Peter Orero, aliyekuwa mwalimu mkuu, akakipata kiti kwa tiketi hiyo hiyo ya ODM.

Na Raila mwenyewe? Mwaka 2013 aliwania urais chini ya katiba mpya, akashindwa na Uhuru Kenyatta, na kwa mara ya kwanza tangu 1992 akawa nje ya Bunge. Chini ya sheria ya zamani angebaki mbunge na kuongoza upinzani akiwa ndani. Katiba ya 2010 ilimfungulia njia ya kuwania urais bila kuitegemea Lang'ata, na kwa mkono ule ule ikamtoa kwenye kiti kilichombeba miaka 20. Maandamano na mikutano ya hadhara ya miaka iliyofuata huwezi kuyaelewa vizuri ukisahau kwamba kiongozi wa upinzani alikuwa hana mahali pa kusimama bungeni. Alifariki Oktoba 15, 2025, akiwa India kwa matibabu, na uchaguzi wa 2027 ndio wa kwanza tangu 1992 ambao Lang'ata na Kibra zitapiga kura naye hayupo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hukuuliza lakini litakugusa. Kifungu kile cha 89 kinataka mipaka ipitiwe upya baada ya muda usiopungua miaka minane na usiozidi 12. Mipaka yenu ilichorwa Machi 2012, kwa hivyo miaka 12 ilitimia Machi 2024, na siku hiyo ilifika IEBC ikiwa haina makamishna. Waliopo sasa waliapishwa Julai 2025. Tena mipaka mipya ikikamilika chini ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, haitumiki katika uchaguzi huo, na uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Tume itakapoanza, italeta vikao vya kusikiza maoni ya umma hadi kwenye mitaa. Wengi hawaendi, kwa sababu ramani si kitu cha kuchezewa ngoma. Nenda wewe. Mchukue mjomba, na umwombe babako awaazime ile kadi.